Kaka Mkubwa wa Dawati la Mbele

Pyo Gil-su alikereza chuma katika kiwanda kimoja cha vipuri pale Changwon tangu alipotoka jeshini mpaka nywele zilipoanza kumhama. Kisha zikaja mashine zinazojiendesha. Yeye na wenzake wakapewa shada la maua, wakapigiwa makofi, wakaonyeshwa lango.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwamba chumba cha kuziongoza mashine hizo kilihitaji mtu wa kuziandikia programu, na angependa awe mtu aliyewahi kushika chuma. Alete cheti tu, kiti kitamngoja. Ndiyo maana Gil-su alijiandikisha kwenye kozi ya kompyuta ya watu walioachishwa kazi. Hakuwa na ndoto nyingine. Alitaka kuingia tena kwa lango lilelile alilotolewa.

Siku ya kwanza kila mmoja alitaja mwaka aliozaliwa, na baada ya hapo hakuna aliyemwita Gil-su kwa jina. Kwa kuwa aliwazidi wote umri, akawa kaka mkubwa. Akapewa uongozi wa darasa na dawati la mbele.

Mwalimu Ham akawaeleza kuhusu kompaila. Bila hiyo, alisema, programu unayoandika ni maandishi tu. Kompaila ndiyo inayoyageuza yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Kompyuta zao zilitumia mfumo wa Linux, na kila mtu alitakiwa kuiweka kompaila mwenyewe kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Gil-su akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Ok Se-yun, kijana aliyekaa kando yake, hakuweza kuvumilia. Mtu mzima kuhangaika huku wadogo wamekaa wakitazama ni aibu ya wadogo.

"Kaka mkubwa, niachie mimi," alisema, akisogeza kibodi kwake kwa mikono miwili. "Kazi ya vidole ni yetu sisi."

Vidole vya Se-yun vilipita kama mvua juu ya bati, na shughuli ikaisha. Gil-su akatoka kwenda kuwanunulia wote kahawa kwenye mashine ya ukumbini, kama inavyompasa mkubwa. Ikawa ndiyo desturi. Kila kompyuta zilipofutwa na kuanza upya, Se-yun aliweka kompaila, Gil-su akaleta kahawa.

Kuandika programu kwenyewe hakukumshinda. Mashine inayorudia mwendo uleule mpaka kipande kitimie aliijua vizuri kuliko hao vijana. Siku moja alisema leo angeweka kompaila mwenyewe. Dada mmoja wa nyuma akacheka, akauliza kama kaka mkubwa anataka watu waseme darasa hili halina adabu. Wote wakacheka, naye akacheka, akainuka kwenda kwenye kahawa. Kusema kweli, alipenda. Kiwandani, miaka ya mwisho, hata wanagenzi walimpita bila kuinamisha kichwa.

Siku ya mtihani kompyuta zilikuwa tupu kabisa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka kompaila, na kuongea kulikatazwa. Gil-su aliikumbuka amri, akaiandika taratibu bila kukosea. Dirisha jeusi likadai nywila, lile neno la siri lililoandikwa kwenye karatasi ya mtihani. Akabonyeza herufi ya kwanza. Hakikutokea kitu, hata nukta. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Kimya.

Maisha yake yote alikuwa amewafundisha wageni wa kiwandani jambo moja: mashine isiyoitika, toa mikono, ita mtu. Hivyo ndivyo vidole vyake kumi vilivyobaki kumi. Akatoa mikono. Akaita.

Msimamizi alikuwa mgeni. Akaijaribu kibodi, akasema ni nzima, na zaidi ya hapo haruhusiwi kusema. Gil-su akaomba kibodi nyingine, akaletewa, mambo yakawa yaleyale. Kando yake Se-yun alikodolea macho skrini yake, masikio yamemwiva kwa aibu. Gil-su akaandika programu ya kazi ya pili yote, safi, mwanzo hadi mwisho. Ikabaki maandishi tu. Isiyoendeshwa haikuwa na alama.

Meneja alingoja cheti, kisha akakiomba chuo jina la mwingine. Wakampa Ok Se-yun.

Darasa lilikutana kuagana kwenye mkahawa wa nyama ya kuchoma. Se-yun alimmiminia Gil-su kinywaji kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, kama mdogo anavyopaswa mbele ya mkubwa, ndipo akanywa chake.

"Ile nywila," Gil-su alimuuliza, "ulikuwa unafanyaje?"

Se-yun aliinama. "Haionekani, kaka mkubwa. Inaingia hivyohivyo bila kuonekana. Unamaliza, unabonyeza kitufe cha kuingiza."

"Basi?"

"Basi."

"Na hukuniambia."

"Ningekufundishaje, kaka? Mimi ni nani?"

Kijana hakudanganya. Nyama ilikuwa imeanza kuungua upande mmoja. Gil-su akachukua koleo kuigeuza. Kabla hajaigusa, mikono miwili ilikuja kutoka ng'ambo ya meza, kwa heshima zote, ikalishika koleo.

"Niachie mimi, kaka mkubwa. Wewe kula."

Akaachia.