Verlene na Futi Sitini na Nne

Verlene Stukel alipotimiza miaka sabini na mmoja aliuza nyumba yake ya Nebraska, akahamia jumla ndani ya gari. Lilikuwa nyumba kamili ya magurudumu, urefu wake futi arobaini, lenye kitanda, jiko na bafu, na nyuma yake lilivuta tela la futi ishirini na nne. Ndani ya tela ndimo ilimokuwa karakana yake ya vyerehani. Kwa miaka thelathini na mmoja Verlene aliendesha basi la shule asubuhi na jioni, na mchana akatengeneza vyerehani vya watu. Kwenye basi alishastaafu. Mume alishamzika. Vyerehani alikataa kuviacha.

Kilichomsumbua ni pa kuegesha. Mahali pa kulala siku moja mbili hapakosekani, ila yeye alitaka kambi ya kukaa Arizona tangu Novemba hadi Aprili, maana baridi ya Nebraska ilimkaza vidole hata bisibisi ikamponyoka. Alipiga simu kambi tisa.

"Jumla una futi ngapi, mama?" mmoja alimuuliza.

"Sitini na nne."

"Labda tela uliache kwenye yadi ya kuhifadhia, mjini."

"Bwana, wewe ukienda kazini mikono unaiacha yadi?"

Mwingine alitaka kujua umri wa gari. Akaambiwa miaka ishirini na miwili. "Sisi hatupokei yaliyopita kumi," akasema.

"Na watu je, mnawapokea mpaka miaka mingapi?"

Simu ikakatwa.

Binti yake Janelle, aliyekaa Omaha, naye hakuchoka kumbembeleza. "Mama, si uje tu kwangu. Chumba cha nyuma ya gereji nimeshakipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Krimu."

"Mpangishe paka."

"Mama, kwa umri huo watu wanapumzika."

"Nami napumzika. Nimekaa, si unajua? Usukani una kiti."

Kambi ya kumi hakuipigia simu. Aliiendea mwenyewe, mwendo wa siku tatu, akasimama langoni pa kambi ya Ocotillo saa nne asubuhi. Msimamizi, Duane Hotchkiss, alikuja na kigari cha umeme, akalitazama lile gari toka pua hadi mkia.

"Penye urefu huo ni namba arobaini na moja tu," alisema. "Lakini pana kona, pana mdungusi mkubwa kulia na nguzo ya zege kushoto. Miaka miwili hajaingia mtu. Ngoja nimwite dereva wetu Curtis akuingizie."

"Curtis ana ufunguo wa nyumba yako?"

"Hana."

"Basi na wa yangu hana."

Habari ilienea. Wakazi wa kambi wakatoka na viti vyao vya kukunja na vikombe vya kahawa, wakajipanga kando, maana kutazama mgeni akirudi nyuma na tela ni burudani isiyo na kiingilio. Mzee mmoja mwenye ndevu akaanza, "Kata kushoto, bibi. Kushoto. Kushoto zaidi."

Verlene akateremsha kioo. "Baba, unanielekeza au unaomba lifti?"

Walimcheka yule mzee, naye akanywa kahawa yake.

Mara ya kwanza mambo yaliharibika. Tela lilijikunja, pembe yake ikabakiza kiganja kimoja tu kufika nguzo. Verlene alihisi viti vyote vile vikimtazama. Akashuka, akalizunguka gari na tela lake taratibu, akapima kwa hatua, akarudi kitini asimwangalie mtu. Mara ya pili akasogea mbele kabla ya kona, akaanza upya. Mara ya tatu akashika usukani kwa chini, mkono ukaenda polepole kule alikotaka tela liende, na futi zote sitini na nne zikaingia zimenyooka. Mzee wa ndevu alisimama, akavua kofia.

Ndipo Hotchkiss alipokisoma kibao cha mlangoni chenye mwaka wa gari. "Mama, hili limepita miaka kumi."

Verlene alifungua kifuniko cha injini. "Tafuta tone la mafuta. Ukilipata naondoka sasa hivi."

Hotchkiss aliinama, akapitisha kidole huku na huku. Kilitoka kikavu. "Sheria ni ya mwenye kambi, si yangu," alisema, macho yakiwa kwenye tangazo la vyerehani ubavuni mwa tela. "Nakupa mwezi mmoja. Na hapa hatufanyi biashara, tela libaki limefungwa."

Aliupokea mwezi huo kama dawa chungu. Lakini kesho yake alibeba meza ya kukunja na kisanduku cha vifaa, akaketi nje ya lango. Wanawake wa kambini, washonaji wa mablanketi ya viraka, wakamfuata na vyerehani vyao mikononi. Hotchkiss akaja na kigari chake.

"Mama Stukel, nilisema hapa hakuna biashara."

"Hapa ni barabara ya kaunti. Lango lako lile pale."

Wiki ya tatu akaja mkulima wa karanga za miti ziitwazo pekani, Ofelia Barraza, na cherehani cheusi cha chuma alichoachiwa na mama yake. Hakijazunguka miaka kumi na mmoja. Verlene alikuwa akikikwangua kutu alipomuuliza kama anajua kiwanja chochote cha kuegesha.

"Changu," alisema Ofelia. "Malori ya mavuno yanageuzia pale na matela yake. Umeme upo, maji yapo, na shimo la maji machafu."

"Gari langu ni zee."

"Trekta langu lina miaka arobaini na sita. Nani atamcheka nani?"

Mwezi ulipokwisha Hotchkiss alikuja kwa miguu, sauti imepoa. Wakazi walikuwa wamemwendea mwenye kambi, naye amekubali Verlene akae mpaka Aprili. Verlene aliwatazama majirani waliosimama nyuma ya Hotchkiss. Moyo ulimvuta kidogo. Walikuwa watu wema.

"Nawashukuru hawa," alisema. "Mwenye kambi mwambie nilipewa mwezi, na umetimia."

Akang'oa waya wa umeme, akakunja mpira wa maji, akaondoka.

Kwa Ofelia lango lilikuwa pana. "Egesha popote," aliambiwa, na kwa kuwa tangu aanze safari hakuna aliyemwambia neno hilo, aliuzunguka uwanja mara mbili kabla hajaamua. Akasimamisha tela mlango ukielekea mashariki, apate mwanga wa asubuhi. Alasiri alikuwa ameshaufungua, kile cherehani cheusi kikiwa mezani, naye Ofelia ameketi juu ya ndoo akipasua pekani na kumsimulia habari za mama yake.