Mtaalamu wa Muhogo Achemsha Chai

Mimi ni mtaalamu wa mimea, naomba heshima yangu. Juzi nilitoka Kasese mpaka Bwera kuwafundisha kina mama jinsi kipande cha mti wa muhogo kinavyoota mche unaofanana na mama yake kama pacha. Mvua ikawachelewesha kufika kwenye nyumba ya kikundi chao. Nikajifanya mwanaume wa kisasa, nikawachemshia chai kwa fungu la kuni nililolikuta mlangoni. Moshi ukanitoa machozi. "Kuni gani mbichi hivi!" nikafoka peke yangu.

Walipofika, waliisifu chai. Kisha mwenyekiti wao akauliza, "Mwalimu, ile miti ya muhogo tuliyokukatia ya kupanda iko wapi? Tuliweka hapa mlangoni."

Nikatazama mafiga. Wote wakatazama mafiga.

"Basi," akasema mwenyekiti akiinua kikombe, "somo tumekunywa."