Difu Niliyoifukia Shambani

Binti yangu Jenipher ana miaka ishirini na minne, na hapa Kipatimu hakuna dereva asiyemjua. Wazee humwita fundi. Vijana wa bodaboda humwita Jeni Spana. Ana mikono ya marehemu baba yake, mipana, na kucha zake zina grisi hata siku anapokwenda kupokea Komunyo. Ni mtoto wangu wa pili na wa mwisho. Wa kwanza alikuwa Sixbert. Sasa nimebaki na huyu mmoja, na kila nikisikia injini ikinguruma kwa nguvu huacha ninachokifanya na kutoka nje kutazama.

Ufundi alifundishwa na kaka yake, chini ya pikapu yetu hiihii inayoshusha machungwa hadi barabara ya lami. Sixbert alikuwa na difu mbili. Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, lenye meno ndani, linalopokea mzunguko wa propela, ule mhimili mrefu unaotoka upande wa injini, na kuupeleka kwenye magurudumu. Moja ilikuwa ya mlima: gari lina nguvu ya kupanda na mzigo, ila mbio halina. Nyingine ilikuwa ya lami: kupanda kwa shida, lakini kwenye tambarare gari linakwenda kama limefukuzwa.

Walipotaka kuhakikisha iliyofungwa ni ipi, waliinua magurudumu yote mawili ya nyuma na kuchora alama za chaki kwenye magurudumu na kwenye propela. Sixbert alikaa kulia, Jenipher kushoto, wakazungusha magurudumu pamoja, polepole, mzunguko mmoja kamili. Mimi nilichuchumaa kwenye propela nikihesabu inazunguka mara ngapi. Nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini walisema mama hakosei. Karibu tano ni ya mlima. Karibu nne ni ya lami.

Jumapili aliyokufa Sixbert, ndani ilikuwa ya lami. Niliihesabu mwenyewe siku ya Ijumaa. Nilipomwambia karibu nne alicheka, akasema, "Hapo sawa, mama. Hilo gari litakimbia mpaka lisahau kwao." Walishindana madereva watatu kwenye kipande kirefu cha barabara kilichonyooka. Alimaliza wa kwanza. Mbele kulikuwa na kalavati, na gari halikusimama.

Nilidhani pikapu itauzwa kama vyuma chakavu. Jenipher akasema haiuzwi. Alinyoosha bodi kwa nyundo miezi kumi na minne, akairudishia difu ya mlima, akaanza kubeba machungwa. Ile ya lami aliifunga kwenye gunia na kuisukuma chini ya kitanda cha kaka yake. Nikajiambia, mradi imelala pale, na mimi nitalala.

Baada ya Pasaka mwaka huu zikaja habari za mashindano ya pikapu kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ule wa pwani usiotumika. Jenipher alinieleza huku anakula, bila kunitazama usoni.

"Utakwenda kutazama?" nilimuuliza.

"Nitakwenda kukimbiza, mama."

Nililia, nikamkumbusha kaka yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia kaka yake hakufa kwa kukimbia, alikufa kwa kukosa mahali pa kusimamia, na uwanja ule una nafasi. Tangu azaliwe sijawahi kumshinda kwa maneno.

Basi nikawaza. Bila ile difu ya lami atakuwa wa mwisho. Watamcheka, ataona aibu, na kiu hiyo itamtoka. Alipoteremka na mzigo wa machungwa Jumanne nililiburuta lile gunia hadi shambani. Nilipumzika mara sita njiani. Nikachimba shimo la kufika magotini, nikaifukia, na juu yake nikachomeka vipande vya miti ya muhogo.

Kesho yake alisimama mlangoni pa chumba cha kaka yake.

"Mama, difu iko wapi?"

"Nimempa mtu wa vyuma chakavu. Ilikuwa inavujisha oili sakafuni."

Akatoka, akakaa nyuma ya pikapu, mgongo umeegemea gurudumu. Baada ya kitambo nikamsikia anasema, kama anaongea na gari, "Haya, twende hivihivi." Nilimshukuru Bikira Maria kwa sauti.

Jumamosi nilikwenda naye. Nilitaka kuwa pale atakaposhindwa, nimpokee. Pikapu zilikuwa nane, zinang'aa, nyingine zimechorwa moto ubavuni. Yetu ilikuwa bado na matete ya tenga kwenye bodi.

"Oya dada, shusha kwanza machungwa!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Yaache tu," Jenipher akajibu. "Mtahitaji juisi mkimaliza kulia."

Watu wakaangua kicheko. Bendera ikashuka. Sijui nieleze vipi nilichokiona. Pikapu yetu iliruka. Wale wengine walikuwa bado wanajikusanya yeye yuko mbele urefu wa magari mawili, injini inapiga ukelele, na kabla sijavuta pumzi mambo yalikuwa yameisha. Alishinda raundi zote tatu. Watu walinishika mabega wakiniita Mama Jenipher. Miaka yote nimekuwa Mama Sixbert.

Alinikumbatia, jasho na vumbi. "Mama, mbio zenyewe ni mita mia mbili tu. Hapa si pa kukimbia, ni pa kuruka, na difu ya mlima ndiyo inayoruka. Mimi nilikuwa sijaamua. Ungeniachia ile ya lami ningeifunga, na ningeshindwa." Akanibusu shavuni. "Bila kujua, umenichagulia vizuri."

Siku zote hizo nilisikiliza kila neno lililosemwa nyumbani, na urefu wa mbio sikuuliza.

Dereva aliyekuwa wa pili alitufuata. Anaitwa Ambrosi, mtu kutoka Mtama, mrefu, mcheshi.

"Shikamoo, mama. Huyu ulimlisha nini? Mimi nimeona taa zake za nyuma tu!"

"Marahaba," nilijibu.

"Jeni, mwezi ujao Dar kuna mita mia nne. Difu yako hii ya machungwa itaishiwa pumzi katikati. Lakini usihangaike, mimi ninayo ya lami imelala tu nyumbani."

Binti yangu alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Ambrosi aliileta Alhamisi. Waliifunga wawili uani kwangu, wakiimba. Aliyemuuzia alimwambia tu ni ya lami, hakusema ina meno mangapi, kwa hiyo wakainua magurudumu na kutafuta chaki wahakikishe. Jenipher alikaa kushoto. Ambrosi akakaa kulia.

"Mama, njoo utuhesabie," Jenipher aliita. "Wewe hukosei."

Nikachuchumaa. Walianza kuzungusha. Alama ya chaki ilipita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikasimama inakaribia ya nne. Nilikuwa nimeshapanga kusema tano. Angeniamini, angeifungua airudishe. Lakini angehesabu meno mezani, angejua, na siku hiyohiyo angekumbuka gunia, ajue kuwa na pale nilimdanganya. Baada ya hapo angekwenda Dar bila kuniaga.

"Ngapi, mama?"

"Karibu nne," nilisema.

Alicheka kwa kicheko kilekile cha kaka yake. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya propela, na wao walikuwa wameshaanza kushusha jeki.