Mikono Miwili ya Kushoto

Jumamosi, saa tatu asubuhi, fundi cherehani wa miaka sitini na minane anasimama mbele ya meza ndefu ya chumba cha mikutano. Ameshika chaki. Mbele yake wamekaa wazee wenzake kumi na wanane. Wanamwita Bi Mkasi. Leo ni zamu yake ya kufundisha.

Kikundi hiki hakina mwalimu wa kuajiriwa. Kila mwanachama, akishatimiza miaka sitini, anafundisha anachokijua. Nesi mstaafu amewafundisha kupima presha. Dereva wa malori akawafungulia boneti. Na kuna kanuni moja isiyo na msamaha: somo likiisha, mmoja wao anasimama na kulirudisha lote, hatua kwa hatua, mwalimu akisikiliza.

Bi Mkasi ameikwepa zamu hii mara mbili. Kwanza alisingizia mafua, kisha mgeni. Ukweli ni kwamba anaogopa, tena woga wa kumkosesha usingizi.

Miezi mitatu iliyopita alikata shati la shule, akajikuta na mikono miwili ya kushoto. Ni kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza: unakata mkono mmoja, unasahau kugeuza karatasi ya kipimo, unakata wa pili upande uleule. Kwa miaka arobaini na moja hakuwahi kulifanya. Tangu hapo amelifanya mara nne. Vitambaa alivyoharibu amevificha chini ya kitanda, binti yake asivione. Zamani alitoa mashati kumi kwa wiki. Sasa hafikishi sita, maana kila hatua anairudia kuikagua.

"Mama yangu alianza hivihivi," anajisemea kwa sauti ya chini. "Kwanza aliunguza sufuria. Mwisho akaniuliza, wewe mtoto wa nani? Mimi, kitindamimba wake."

Somo la leo ni mkono wa shati. Anaanza vizuri. "Ukishakata wa kwanza, geuza karatasi," anawaambia. "Usipogeuza, imekula kwako." Wazee wanacheka. Anakata wa kwanza, anachora wa pili, mkasi unatembea bila kusita.

Dereva anainuka kurudisha somo. Anavilaza vipande viwili mezani, anavitazama.

"Fundi," anasema, "si ulisema tugeuze?"

Bi Mkasi anaangalia. Mikono yote miwili ni ya kushoto.

Dereva, mtu wa masihara, anajaribu kumwokoa. "Aa, huyu katutega makusudi, aone kama tumelala." Chumba kizima kinaangua kicheko. Angecheka nao tu, yangeishia hapo.

Hacheki. "Sikuwatega," anasema. "Nimesahau. Na si leo tu."

Anaweka chaki chini, anawaeleza habari za vitambaa vya chini ya kitanda, na za mama yake. Hakuna anayecheka tena. Nesi anamvutia kiti.

"Huenda ni hilo unaloliogopa, huenda silo, dada," anasema. "Hata macho, hata uchovu, huleta mambo haya. Alhamisi tunakwenda hospitali, mimi na wewe."

Anakubali. Lakini hiyo Alhamisi inamtisha kuliko zamu ya leo.

Dereva anageuza karatasi na kukata mkono wa kulia, polepole, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Umepinda kidogo kwenye kwapa. Bi Mkasi anausahihisha kwa chaki mara moja, bila kupima.

Kabla ya kuondoka anaomba daftari la zamu, anajiandikisha Jumamosi saba mfululizo: kola, mfuko, vifungo, mpaka shati liishe. Leo jioni atamweleza binti yake kila kitu.

"Nataka niwape yote nikiwa bado ninayo," anawaambia. "Siku nikija hapa sijui mkono wa kulia ni upi, mnikalishe pale nyuma, mnianzishie somo la kwanza. Na nikikosea msinionee huruma. Mniambie nigeuze karatasi."