Perege wa Kwanza Baada ya Kaka

Kaka yangu aliacha shamba letu la Tumati miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na wanunuzi wakaanza kuja na pikapu kutafuta samaki wa Ziwa Basotu. Alinunua mtumbwi, akajenga nyumba karibu na maji. Mimi nilimfuata huko, na pamoja na mke wake tukawa tunabanika perege na kambale aliowavua. Majirani zetu wafugaji hawakula samaki. Walipita na ng'ombe wao wakiziba pua.

Asubuhi moja yenye upepo, mtumbwi ulirudi peke yake, nyavu zikiwa ndani. Wavuvi walimtafuta kaka mpaka wakakata tamaa. Hatukupata cha kuzika.

Baada ya hapo hakuna aliyegusa samaki wa ziwa lile. Watu walisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu mle ndani, na samaki nao wanakula. Pikapu zikaacha kuja. Nyavu zilikauka juani, na watoto wa wavuvi wakawa wanashindia uji. Mimi nilipokwenda kuchota maji nilihisi kuna anayenitazama kutoka chini, nikawa nachota huku nimefumba macho.

Siku ya soko, wifi yangu, akiwa bado na nguo nyeusi, alimwendea mvuvi mzee kuliko wote.

“Shikamoo, baba. Naomba uniletee perege mmoja.”

“Marahaba, mwanangu. Wa kufanyia nini?”

“Nitamla.”

Mzee alichukua wavu, akaingia majini, akarudi na perege mmoja. Wifi alimpara samaki yule, akamchoma kwenye makaa mbele ya watu wote. Alikula taratibu, akichambua kila mwiba, hadi akammaliza.

“Kama mume wangu yumo humu, amerudi kwangu,” alisema. “Na nyinyi kuleni.”

Mzee akawa wa pili kula. Kabla ya mvua pikapu zilikuwa zimerudi, na kwa samaki hao wifi alisomesha watoto wake wote.

Mimi nilirudi Tumati kulima, na sijaonja samaki tena. Nikimtembelea, ananipikia mboga za majani bila kuuliza. Yeye hula perege wake upande wa pili wa meza. Mara nyingine huacha kutafuna ghafla, akatulia kama mtu anayesikiliza, halafu akaendelea.