Jihadhari na Ukungu

Kwenye mashine ya kusaga unga pale Kombani, mimi nilipokea magunia ya mahindi mlangoni na msagaji wetu aliyapima kwa pua. Alinizidi umri, nami nilimwita Ami. Gunia likifunguliwa, Ami aliinama, akatumbukiza uso mpaka masikioni, akavuta pumzi ndefu, kisha akainuka na nyusi nyeupe kutoa hukumu: haya yamekauka vizuri, haya yamelala na mbuzi, haya yamenyeshewa kule Majoreni. Wateja waliiamini pua hiyo kuliko mizani.

Shule niliiacha darasa la saba, ila karatasi yoyote inayonipitia naisoma, na nisichokielewa nakiandika daftarini mpaka nikielewe. Ndivyo nilivyozijua habari za sumukuvu, sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi yaliyowekwa na unyevu. Niliandika: haionekani, kupika hakuimalizi, huingia zaidi kwa chakula, lakini anayevuta vumbi lake kazini kila siku naye yumo hatarini; miaka ikipita, yaweza kuleta saratani ya ini. Nikapiga mstari chini ya neno "vumbi". Kisha nikamtazama Ami, ambaye wakati huo alikuwa ndani ya gunia.

Nilimsomea yote. Alisikiliza kwa adabu, akipangusa nyusi.

"Ini liko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha, kulia, chini ya mbavu.

"Na pua?"

Nikaigusa yangu.

"Basi, daktari wangu, hao wawili hawajuani hata kwa salamu."

Nikamweleza njia: pua, mapafu, damu, ini. Akasema hiyo ni safari ya kufika Vanga huko mpakani, sumu itachoka njiani.

Nikaona heri tangazo. "Kuvu" niliiona ni neno la jikoni; nikatafuta la kitabuni, nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: JIHADHARI NA UKUNGU. FUNIKA PUA. Kesho yake mama mmoja wa mashamba ya juu, Shimba, alilisoma, akatazama mbingu, akalisoma tena. Akauliza watu wa Kombani wanaogopaje ukungu wasiokuwa nao, ilhali yeye ameupita asubuhi nzima na pua wazi. Kufikia adhuhuri habari zilikuwa zimeenea kwamba hatusagi mpaka ukungu uondoke, na wateja wawili walikuwa wamerudi nyumbani kungoja. Ami alicheka mpaka akakohoa. Alikohoa muda mrefu, na mimi nikaacha kucheka.

Nililifuta neno, nikaandika KUVU. Kisha nikampa Ami kitambaa cheupe ajifunge puani siku moja tu. Kikibaki cheupe, sitalitaja ini tena. Alikubali upesi, maana alitaka ninyamaze.

Alasiri alikifungua. Kilikuwa na rangi ya pumba. Akakigeuza huku na huku, halafu, kwa mazoea, akakipeleka puani. Nikamshika mkono.

"Haya yote yangeingia ndani?"

"Yamekuwa yakiingia, Ami."

Nilimwambia ukweli: kitambaa hakisemi vumbini mna sumu kiasi gani, wala mna sumu au hamna. Kinasema tu kwamba njia iko wazi. Akaanza kuhesabu kwa vidole miaka aliyofanya kazi pale. Vidole viliisha, akarudia mkono wa kwanza, akaacha.

Tulikwenda pamoja hospitali ya Msambweni akapimwe. Daktari alisema kwa sasa ini halina tatizo analoliona, lakini hilo si kibali cha kurudi ndani ya gunia. Ami akauliza kama kunusa kwa umbali wa mkono mmoja kunaruhusiwa. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena kabla ya kumjibu kwamba hapana.

Siku hizi anavaa barakoa, magunia yanafunguliwa nje, upepo ukiwa nyuma yetu, na mahindi anayakagua kwa macho, kiganjani. Wateja wananung'unika kwamba hukumu zinachelewa. Juzi yule mama wa Shimba alileta gunia lenye punje za kijani. Ami alilitazama akiwa amesimama wima, akalikataa.

"Mbona hukunusa?" mama akauliza.

"Pua ilitaka, mama. Lakini siku hizi haifanyi kitu bila kumwuliza ini."