Mgeni wa Shimo la Tatu

Usiku ule nauita usiku kwa heshima ya ndoto tu, maana kusema kweli jua lilikuwa bado lipo. Nililala baada ya sala ya alasiri, usingizi ambao mama alitukataza tangu wadogo, akisema mwenye kulala saa hizo huamka na akili za mtu mwingine. Nami nikalala. Mgongo uliniuma, nilikuwa nimezika watu kumi na mmoja tangu asubuhi.

Hao kumi na mmoja msishtuke, walikufa zamani sana. Mimi kazi yangu ni kuchimba makaburi, kazi niliyofundishwa na babu yangu mzaa mama, Mzee Faki, Mungu amrehemu. Shule niliacha darasa la pili, lakini udongo naujua. Kwa hiyo walipokuja wachimbaji wa mambo ya kale kisiwani kwetu, mkubwa wao binti mmoja jina lake Zuhura, mtu wa kwanza kutafutwa nilikuwa mimi. Wakavuta kamba, wakaigawa ardhi vipande vipande, tukachimba kwa vijiko na brashi. Kuchimba kaburi kwa kijiko, jamani, na umri huu.

Tukaukuta msikiti wa kale, kuta zinanifika magotini, na pembeni yake makaburi. Wote wamelala ubavu wa kulia, uso kibla, kama tunavyolazwa sisi mpaka leo. Isipokuwa mmoja, wa shimo la tatu. Huyo alilala chali, kichwa magharibi, mikono ameikunja kifuani, na chini ya mifupa ya mikono kijisalaba cha shaba kimeota kutu. Zuhura akasema huyo alikuwa mgeni Mkristo, na wenyeji walimzika kwa desturi ya huko alikotoka, jirani kabisa na wazee wao. Wakubwa wa mji wakataka wote warudishwe ardhini, mashimo yafukiwe kesho yake. Zuhura akaniambia niwalaze vilevile tulivyowakuta. Nikaitikia.

Basi hapo ndipo nilipokosea. Nilipofika kwa yule mgeni nilikitoa kichwa magharibi nikakiweka mashariki, nikamlaza ubavu wa kulia, nikamwelekeza kibla. Wala sikusahau nilivyoambiwa. Nilimhurumia, naona miaka yote hiyo yuko peke yake, kichwa chake miguuni pa wenzake. Shaame, niliyekuwa naye shimoni, akanicheka.

"Ami, umeshamsilimisha huyo. Mpe na jina basi."

Tukacheka wote wawili, nikamtandazia mchanga.

Sasa ndoto yenyewe. Niko jikoni kwa mama, nyumba iliyobomoka siku nyingi, na babu amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, anachekecha unga. Namwamkia, haitikii. Hilo ndilo lililonitia hofu kwanza, kwa sababu babu katika uhai wake hakuwahi kuiacha salamu ya mtu, hata ya mgomvi wake. Nasogea. Chekeche ni lile la Zuhura, la kuchekechea udongo, na kinachobaki juu si pumba, ni meno.

Mara tumo shimoni, sijui tumeshukaje. Kumi wametulia. Wa kumi na mmoja anahangaika, mchanga unapanda na kushuka juu yake, kama mtu aliyelazwa vibaya anatafuta pa kuweka shingo. Babu ananiuliza nilimpa jina gani. Nasema sikumpa, ulikuwa mzaha.

"Alilazwa na waliomjua," anasema. "Uso wake ulielekea jua linakotoka, anamngoja Mola wake. Wewe umemgeuza hana mdomo wa kukataa."

Namwambia nilitaka kumtendea wema. Babu anachomoa ule ufito wake wa kupimia maiti, ufito nilioukuta umevunjika siku aliyokufa, sasa ni mzima. Anampima mgeni. Kisha ananipima mimi, na anaanzia miguuni. Hakuna mchimba kaburi anayeanzia miguuni. Ufito unanitosha kabisa, hauzidi wala haupungui. Udongo unaanza kunimwagikia, natazama juu, ni Shaame anafukia huku anacheka, hanioni.

"Mrudishe kabla hawajafukia," babu anasema. "Ama siku yako nawe utalazwa na mtu anayekuhurumia."

Nikaamka. Toka chuo cha Kurani nilifundishwa kulala ubavu wa kulia, na sijaacha maisha yangu yote, na ndivyo nilivyojilaza alasiri ile. Niliamka chali, kichwa kiko miguuni pa kitanda, mikono imekunjwa kifuani, na nilipotaka kuikunjua haikukunjuka upesi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama. Chai sikuinywa.

Nilimkuta Zuhura chini ya turubai lake anaosha vigae. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kuipamba habari ile nisionekane mwongo, na nilipofika sikuona pambo lolote.

"Mwanangu," nikamwambia, "yule wa shimo la tatu nimemlaza nitakavyo mimi. Chukua picha ulizompiga, twende ukanionyeshe alivyokuwa, jua halijazama."